Mtungi Uliosifiwa na Chifu

— Masikio yapo?

— Yapo!

— Ya kusikia au ya kuning'iniza hereni?

— Ya kusikia!

Haya, niachieni nafasi nikae. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize, maana nikianza sirudi nyuma.

Hapo kale, huko milimani, paliondokea mwanamke mmoja, jina lake Nakijwa, kazi yake ufinyanzi. Alifinyanga vyungu, akafinyanga mitungi, akafinyanga na vikaango. Vingine vilitoka vizuri. Vingine vilikwenda upande. Vingine vilipasukia motoni, na hivyo hakuvililia. Alivitupa kwenye rundo la vigae nyuma ya nyumba, na siku ya kukanda udongo mpya alivichukua, akavitwanga, akavichekecha, akavichanganya humo. Wafinyanzi wote wa kule walifanya hivyo. Udongo mtupu, usio na vigae, ukikauka hupasuka. Hilo hata mtoto wa kule analijua.

Nakijwa alikuwa na binti, Namkunda, aliyekwisha kuchumbiwa. Na kwao bibi harusi hatoki mikono mitupu. Hutoka na mtungi mpya uliofinyangwa na mama yake mzazi, na maji ya kwanza ya kumpa mama mkwe huyateka kwa mtungi huo. Hakuna mtungi, hakuna safari. Ndiyo mila yao, msiniulize mimi.

Siku moja chifu akapita, akaona mtungi wa Nakijwa barazani. Akasimama. Akauzunguka. Akaupapasa. Akasema tangu azaliwe hajaona mtungi kama ule. Usiuzwe, usitiwe maji, ukae pale watu waje wauone. Watu wakaja kweli, wengine kutoka mbali, wakautazama, wakaguna, wakaenda zao.

Nakijwa alifurahi, na nani asingefurahi? Akafagia uwanja, akasiriba ukuta upya. Kisha akaliona lile rundo la vigae, akaona haya. Mfinyanzi aliyesifiwa na chifu akae na takataka nyuma ya nyumba? Akalizoa lote, akalimwaga korongoni. Akasema tangu leo yeye atafinyanga kwa udongo safi, mtupu.

Hapo ndipo kazi ilipomgomea. Alikaa, akainua ukuta wa mtungi mpya, akageuka kuutazama ule uliosifiwa. Akaona huu haufai, akaubonyeza ukawa donge. Akaanza tena, akageuka tena, akaubonyeza tena. Na ule aliouonea huruma akauacha, ulipasuka ukikauka. Mikono ilikuwa ile ile, jamani. Kilichoongezeka ni macho: kila akikaa kufinyanga alimwona chifu amesimama pale, anauzunguka mtungi ambao bado haujaisha.

Watu wakashauri. Jirani akasema udongo wa bonde lile umechoka, akachimbe kwingine. Akachimba kwingine, mtungi ukapasuka. Mganga akasema ni kijicho, akamfukiza. Akafukizwa, mtungi ukapasuka. Mumewe akamwambia apumzike. Akapumzika, na hiyo ikawa mbaya kuliko zote, maana sasa hakuwa na la kufanya ila kuutazama ule mtungi. Na harusi ikakaribia. Namkunda naye akienda kisimani alichelewa kurudi, na akirudi macho yamevimba.

Naona mnataka kuuliza mbona hakuvikumbuka vigae. Alivikumbuka sana. Lakini vile vya korongoni maji ya mvua yalishavizoa, na vipya hutoka kwenye vyombo vilivyopasukia motoni, naye hata chombo kimoja hakuwa anakifikisha motoni. Na kwenda kuomba kwa wafinyanzi wenzake, yeye, mfinyanzi wa chifu? Aka.

Basi akaja wifi yake, Nasemba, dada wa mumewe, shangazi wa bibi harusi na msimamizi wa harusi yenyewe. Mwanamke mwenye mdomo huyo. Uongo kwake ulikuwa kama chumvi, hapiki bila. Akaketi, akanywa uji wake taratibu, akasema:

"Wifi, usihangaike tena. Mtungi wa Namkunda nimeshapata. Kuna mwanamke ng'ambo ya mlima amenifinyangia."

"Mama yake ni mimi au ni huyo mwanamke?"

"Ni wewe. Ila wewe una mtungi wa kutazamwa, na mtoto anataka wa kutekea maji. Mimi nifinyangie tu kitu cha kunyweshea kuku. Kikienda upande, kuku hawana neno."

Akaweka bakuli chini, akaenda zake.

Nakijwa akabaki pale na bakuli tupu. Mwanawe atabeba mtungi wa mtu mwingine, na yeye mama yu hai, mzima, ana mikono miwili. Alilia, nisiwafiche. Kisha akafuta kamasi, akaanza kuukanda udongo wa hicho chombo cha kuku, kwa hasira. Akanyoosha mkono kutafuta vigae, kama zamani. Havipo. Akatazama huku. Akatazama huko. Akautazama mtungi wa chifu.

Akaubeba mpaka kwenye kinu. Mchi wa kwanza, ukapasuka. Mchi wa pili, ukawa vigae. Mchi wa tatu, hakuhesabu tena, akatwanga tu. Akachekecha, akachanganya, akakanda. Katikati ya kazi akageuka kutazama barazani, mazoea tu, na hapakuwa na kitu cha kutazama. Akaendelea. Alipoinua kichwa aliona alichofinyanga si chombo cha kuku, ni mtungi, na mdomo wake umekwenda upande kidogo. Akauacha hivyo hivyo. Ukakauka usipasuke. Akauchoma, ukatoka mzima.

Akamwita Nasemba, akamwambia ule wa ng'ambo aurudishe. Nasemba akasema arudishe nini, hakuna mtungi wala hakuna mwanamke. Nakijwa akamtukana matusi yote ambayo wifi humtukana wifi, na mengine mapya. Alipochoka akamuuliza, je, kama yeye Nakijwa angeshindwa kufinyanga?

"Ningesema mtungi wako nimeuvunja mimi njiani," Nasemba akajibu. "Wangenilaani mimi, wakakuacha wewe."

Nakijwa akainuka. Akamletea uji.

Namkunda akatoka kwao na mtungi kichwani. Upande wa bwana harusi wakanong'ona kwamba mdomo wa mtungi umepinda. Nakijwa alisikia, ikamuuma, lakini kidogo. Kesho yake, vyombo vya karamu havijaoshwa, yeye alishakaa anakanda udongo mwingine.

Akaja mjumbe. Chifu amepata wageni, anautaka ule mtungi awaonyeshe. Nakijwa hakuinua kichwa.

"Kamwambie umeolewa."

Mjumbe akangoja aelezwe. Hakuelezwa. Akaondoka na neno lake hilo.

Chifu alisema nini? Mimi sikuwapo, na aliyekuwapo hajanisimulia. Yangu nimepakua yote, ukoko mtakwangua wenyewe.

— Mmeshiba?

— Tumeshiba!

Basi nipisheni njia.