Njia ya Kificho ya Mama Tunu

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Penye siri?"
"Pana sikio!"

Hapo kale, si kale ya mababu, kale ya juzi simu zilipokwisha kuenea, aliondokea mama mmoja, Siwema, muuza vitumbua, na binti yake Tunu. Tunu alikuwa na kifafa. Siwema hakumwambia mtu. Aliogopa watoto wa uani wasije wakamkimbia mwanawe. Akawa anasoma tu habari za ugonjwa ule kwenye simu.

Intaneti ilikuwa ya mwenye nyumba, Mzee Kombo. Siku moja Kombo akamwambia, "Mama Tunu, mtambo wangu unaonyesha unafungua sana kurasa za kifafa. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna, mzee."

Akaondoka upesi. Akatafuta VPN, ile programu ya kupitisha mambo yako kwa njia ya kificho, watu wasiyaone. Akapata ya bure. Ikaomba namba yake ya simu, akaipa. Nayo ikamwapia: "Sioni, sisikii, sisemi."

Haya, jamani, nawe una mtoto mgonjwa, usingeamini?

Kweli, Kombo hakuona tena. Lakini simu zikaanza kulia.

"Mama, tuna mafuta ya kifafa!" Akakata.

"Mama, tuna hirizi ya kifafa!" Akakata.

"Mama, binti yako tunamponya!"

Siwema akaketi chini. Nani kasema? Akatega mtego. Akaandika mle mle kwenye kificho: dawa ya ngamia anayechechemea. Ngamia! Mji mzima ule hauna hata mkia wa ngamia.

Kesho yake simu ikalia. "Mama, ngamia wako anaendeleaje?"

Siwema akacheka, akacheka, akacheka mpaka akalia. Akaifuta ile programu, akaenda kwa jirani yake Bi Mgeni, akamweleza yote.

Bi Mgeni akamshika mkono. "Mwenzangu, umemkimbia Kombo unayemjua, ukamkimbilia usiyemjua! Anayekuficha bure, muulize kwanza anakula nini. Haya, twende hospitali."

Wakaenda. Tunu akapewa dawa, akanywa, akatulia.

Ndipo Siwema akamwendea Kombo mwenyewe. "Mzee, mgonjwa yupo. Ni Tunu, na sasa dawa imemtuliza."

Kombo akainama. Kisha kwa sauti ndogo akauliza, "Hiyo dawa mmeipata wapi? Nina mdogo wangu kule nyumbani, naye ana kifafa. Tumemfungia ndani tangu ujana wake."

Siwema akajitanda kanga. "Kamlete, mzee. Nitawapeleka."

Ngano nimeitua. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu niachieni mimi.