Kifaru Aliyetaka Kuiwasha Roketi

Hapo zamani za kale, kabla hata babu zenu hawajaota meno, Pimbi alitengeneza roketi. Msicheke! Bomba la karatasi ngumu, mapezi matatu ya boksi, na injini ndogo ya dukani. Baruti ya kukoroga nyumbani aliiogopa, na alifanya vyema kuiogopa.

Akaisimamisha uwanjani juu ya bati, mbali na nyasi kavu na paa za makuti. Kijiji kizima kikaja kutazama.

Kifaru na Nyati wakajipenyeza mbele. Wakubwa hao mnawajua: arusini, matangani, mkutanini, lazima wakae mbele! Kifaru alishika kijinga cha moto.

"Wewe kadogo, pisha! Nawasha mimi. Nitaiinamia niione inavyotoka."

Pimbi akawaza haraka. Mzee huyu akiungua pua, roketi zitapigwa marufuku kijijini, na isitoshe Pimbi alimpenda mzee.

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba."

"Mzee, hapa ni kama jikoni, pa wapishi na moshi wao. Wageni wa heshima wamewekewa viti kule, nyuma ya kamba."

"Kule mbali?"

"Kulekule. Tazama, Nyati keshaanza kwenda."

Weee! Kifaru akakitumbukiza kijinga kwenye ndoo ya maji, chwaaa! Akatimua mbio, puu, puu, puu, kuwahi kiti.

Pimbi naye akaenda nyuma ya kamba, akashika swichi ya betri, yenye waya mrefu uliofika kwenye roketi. Wote wakahesabu: "Tatu! Mbili! Moja!"

Kimya.

"Imezimika," Kifaru akasema akiinuka. "Ngoja nikaipulize, kama jiko la mkaa."

"Nenda tu, mzee. Nyati anakitamani hicho kiti."

Kifaru akaketi upesi. Pimbi akachomoa betri, akangoja kitambo, ndipo akaenda kukaza waya uliolegea. Akarudi, wakahesabu tena.

Fyuuuuu! Roketi ikapaa mpaka ikawa nukta. Parachuti ikafunguka, ikashuka taratibu, na watoto wakapiga vigelegele.

Kifaru akaenda kutazama pale iliposimama. Bati la chini lilikuwa jeusi, bado linafuka.

"Pimbi, pua yangu ingekuwa hapa."

"Ndiyo, mzee."

"Kumbe viti vya heshima ulinidanganya!"

"Nilikudanganya. Niwie radhi, mzee."

Kifaru alikuwa ameogopa kweli. Kisha akacheka mpaka masikio yakatikisika.

"Kesho nifundishe kutengeneza yangu. Polepole, na kwa utaratibu wako wote."

Hadithi yangu imefika ukingoni, na funzo lake ni hili: anayejitenga na moto ndiye anayebaki na macho ya kuitazama roketi ikipaa.