Ramani ya Kinu cha Mawese

Mjini Rumonge ziwa huamka kabla ya watu. Ukungu huteremka kutoka milimani, hupita polepole juu ya michikichi, kisha hulala juu ya Tanganyika hata mgeni asijue maji yameishia wapi na mbingu imeanzia wapi. Miaka ya karibuni hata wenyeji hawakujua tena maji yaishiapo. Ziwa lilikuwa limepanda. Lilinyemelea nchi kavu kama paka anyemeleavyo kifaranga, likameza bustani, likameza njia, na sasa lilikuwa likilamba ukuta wa nyuma wa kinu cha Marwan.

Marwan alikuwa mtu wa makamo, wa ukoo wa Waarabu wa Omani waliokaa kando ya ziwa hilo tangu enzi za mababu. Yeye na mkewe Asya walinunua chikichi kwa wakulima, wakazikamua, na mawese yao yakasifika hadi Bujumbura. Walikuwa wamekata shauri kwamba kinu kihame kabla ya masika. Kihamie wapi? Hapo ndipo palipokuwa na kitendawili. Kiwanja kilitakiwa kiwe juu, mbali na mafuriko, lakini karibu na wakulima, na barabara yake ipitike hata wakati wa mvua. Viwanja vya kuuzwa vilikuwa vimetapakaa kuanzia njia ya Magara hadi vilima vya Bugarama. Asya ndiye aliyesema kwamba jambo hilo lilitaka ramani, si kubahatisha.

Wakamwita Élysée, mzaliwa wa Uvira aliyesomea upimaji wa ardhi. Élysée aliketi mbele ya kompyuta ya ofisini, akaweka humo programu ya kuchorea ramani, akawaonyesha jinsi ya kuitumia.

"Haiko na urembo," alisema, "lakini haidai leseni, haidai mtandao, na urefu wa vilima inaujua. Muanze nayo leo. Mutaizoea kazini."

Marwan alishukuru, ila moyoni hakuridhika. Programu ile ilikuwa na sura kavu, vitufe vimebanana kama dagaa juani. Alifikiri kwamba kazi kubwa kama ile ilistahili chombo kikubwa. Élysée alipoondoka tu, akaanza kutafuta nyingine.

Akaipata moja ya kukodi kwa mwaka, ambayo kampuni iliyoiunda ilimruhusu kuionja kwa muda. Loo, ilikuwa nzuri! Milima ilisimama kiooni kama iliyo hai, ziwa likang'aa, na Marwan akawa anaelea juu ya nchi yake mwenyewe kama mwewe. Alipita juu ya Kabezi, akateremka Magara, akazunguka Rumonge huku vivuli vya mawingu vikiteleza chini yake. Alikiona kinu kipya, cheupe, kimekaa juu ya kilima hiki, mara juu ya kile. Chai ilipoa mezani bila yeye kuigusa. Asya alipomwita alishtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Lakini kompyuta yao ilielemewa na uzuri ule, ikapata joto, ikazimika. Marwan akaiacha, akajaribu nyingine. Hiyo ilikuwa nyepesi, ila mtandao ulipokatika ilibaki nyeupe kama sanda. Ya tatu ilikuwa na rangi za kupendeza na maelezo ya Kifaransa safi, ila vilima haikuvijua. Kwake Burundi yote ilikuwa tambarare. Akasikia kwamba ile ya kukodi imetolewa upya, imepunguzwa uzito. Akairudia. Kila programu ilikuwa na kasoro, na kila kasoro ilimpa ndoto ya programu isiyo na kasoro.

Wakati huo Asya hakukaa bure. Alizunguka mashambani na simu yake, akaweka nukta mahali pa kila mkulima na kila kiwanja kilichokuwa kikiuzwa. Nukta zikarundikana simuni zikingoja ramani. Miongoni mwa wenye viwanja alikuwa mzee Leonsi wa Bugarama. Aliwapenda Marwan na mkewe, akaahidi kuwawekea kiwanja chake hadi maharage yavunwe. Maharage yakavunwa. Leonsi akashuka hadi ofisini, akaomba jibu. Marwan akamjibu kwa adabu kwamba bado kidogo, anamalizia kuchagua.

Usiku huo Asya alimwambia mumewe, "Baba Nour, ziwa halichagui. Linakuja tu."

Marwan alijua mkewe amesema kweli, lakini aliamini kwamba chombo bora kilikuwa karibu mno kupatikana.

Masika yakaanguka mapema. Asubuhi moja Marwan alifungua kinu akakuta maji yamefika magotini, mapipa yakielea taratibu, na mawese yametanda juu ya maji kama machweo yaliyopotea njia. Alisimama mlangoni akitazama rangi ile ikitoka nje kuelekea ziwani, akahisi kana kwamba bado anaota.

Mchana Asya aliketi mbele ya kompyuta, akafungua programu ya Élysée, akaingiza nukta zake. Marwan, nguo zikiwa bado zimelowa, akasogeza kiti. Wakafanya kazi pamoja, mmoja akisoma, mwingine akibonyeza. Wakaweka vilima, wakaweka barabara, wakafuta kila mahali ambapo maji yangeweza kufika. Kabla ya magharibi ramani ilikuwa tayari. Haikupendeza macho, lakini ilisema. Wakulima, barabara na mwinuko vilikutana mahali pamoja: kiwanja cha Leonsi.

Kesho yake walipanda Bugarama, na njiani Marwan alizungumza kwa furaha kama bwana harusi. Leonsi aliwapokea kwa "amahoro", salamu ya amani, akawapa viti, kisha akainamisha kichwa.

"Nilikungojea, Marwan," alisema. "Upepo ukachukua paa langu. Wanangu walinyeshewa. Mtu akaja na mabati, nikampa kiwanja. Unisamehe."

Marwan akamwambia kwamba hakuna la kusamehe. Chini yao watu wa mnunuzi mpya walikuwa tayari wakichimba msingi.

Wakanunua kiwanja kilichobaki, nyuma ya kilima, ambapo barabara ilikuwa nyembamba na yenye utelezi. Kinu kikasimama salama, mbali na maji, lakini wakulima wengi wakachoka na mpando ule, wakapeleka chikichi zao kwingine. Waliobaki walikuja wakisukuma baiskeli matopeni, wakihema. Marwan aliteremka kila asubuhi kuwapokea, akashika baiskeli kwa nyuma, akasukuma nao hadi juu. Siku moja Asya alimkuta ameegemea ukuta, matope yamempanda hadi kiunoni.

"Programu zote nilizozikataa zingetosha," Marwan alisema. "Hata ile mbaya kuliko zote."

Asya akamfuta uso kwa upindo wa kanga yake, kisha wakashuka pamoja kumpokea mkulima mwingine, kwa maana mchagua nazi hupata koroma.