Maji ya Kuoshea Kipimo

Ngano yangu inabisha hodi!
— Karibu, ifungulieni!
Ina tope miguuni!
— Iingie na tope lake!
Ina uchungu mdomoni!
— Tutameza hivyo hivyo!

Haya, mmeitaka wenyewe. Asije mtu mwishoni akaniambia, Bi Zuwena umetuharibia siku.

Hapo kale, na si kale sana maana betri zilikwishakuwepo, palikuwa na bonde lenye maji ya aina mbili. Juu kwenye miamba palikuwa na chemchemi ndogo. Chini palikuwa na bwawa kubwa, na ubavuni mwa bwawa palikuwa na shimo la mgodi ulioachwa na wenyewe. Mvua ikinyesha, shimo linafurika na kumwaga ukali wake bwawani. Siku nyingine maji ya bwawa ni matamu, siku nyingine yanakata utumbo, na kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Wakaja wageni na gari lao. Walikaa siku mbili, wakaondoka, wakaacha kipimo. Kilikuwa kidogo tu, urefu wa gunzi la hindi. Kina kitufe, kina kidirisha cha namba, na kwenye ncha kina kigololi cha kioo chembamba. Unachovya ncha majini, chubwi! Kinalia, tii! Namba inatokea. Ikiwa saba, maji mazuri, kunyweni. Ikiwa tatu, maji makali, kimbieni.

Wageni walitafuta mnyama mwenye mikono midogo na subira kubwa, wakampata Mama Nguchiro, mjane mwenye watoto watatu: Chapu, Ndole na Kitinda. Walimfundisha kupima, wakamfundisha na kuosha. Yeye ili asisahau akaufanya wimbo:

Zima kwanza, betri toa,
mwili pangusa, usichovye,
ncha suuza, usisugue,
funika ingali na unyevu.

Wakamwachia na kichupa cha maji ya nne, ya kuhakikishia. Ukishaosha, unachovya ncha humo. Kikisema nne, kipimo ni kizima. Kikisema namba nyingine, usikiamini.

Basi kila asubuhi Nguchiro alipima, na kila asubuhi aliosha. Bwawa likiwa saba, walikunywa bwawani. Bwawa likiwa tatu, walipanda kwenye chemchemi kwa zamu, wadogo kwanza. Mwezi mzima hakuna aliyelalamika tumbo.

Kiboko akachukia. Kiboko ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bonde, kwa sababu ya upana wake, sababu nyingine sijaisikia.

"Kitu cha heshima namna hii," akasema, "kinakaaje kwa kinyama kinacholala shimoni?"

Akakichukua, akakitia kamba, akakivaa shingoni. Kisha akaita mkutano.

"Wageni walisema kipimo kinasuuzwa kwa maji safi?"

"Walisema, Mwenyekiti!"

"Maji safi yako wapi?"

"Kwenye chemchemi, Mwenyekiti!"

"Basi chemchemi ni ya kipimo. Asiiguse mtu."

Wakapiga makofi! Nawaambia, wanyama walipiga makofi. Wakakata miiba wenyewe, wakaijengea chemchemi ua wenyewe, wakasimamisha na kibao: MAJI YA KUOSHEA KIPIMO. Ua ulipokwisha, Kiboko akaingia, akajibwaga majini, pwaa! Akalala.

Na kuosha je? Hakuosha hata siku moja. Alilala nacho, akagaagaa nacho. Tope likaganda kwenye ncha, ncha ikakauka kau. Kipimo kikichafuka hivyo kinapoteza akili. Kinashika namba moja na kuiimba kutwa.

Asubuhi ya kwanza Kiboko akateremka bwawani. Chubwi! Tii! "Saba! Kunyweni!" Wakanywa.

Asubuhi ya pili, chubwi! Tii! "Saba! Kunyweni!" Wakanywa.

Mvua ikanyesha, shimo la mgodi likafurika. Asubuhi ya tatu, chubwi! Tii! "Saba! Kunyweni!" Wakanywa.

Chapu akafa Jumatatu. Ndole akafa Alhamisi. Mama yao akawachimbia makaburi kwa mikono ile ile midogo iliyosifiwa na wageni.

Hapa asicheke mtu.

Ijumaa Nguchiro akachukua kichupa chake, akaenda uani kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Chovya kipimo humu, mzee wangu."

Kiboko akachovya. Chubwi! Tii! Saba.

"Humu ni nne, Mwenyekiti. Wageni waliandika juu ya kichupa, ona. Kipimo kinasema uongo kwa sababu ni kichafu. Wanangu wamekufa kwa sababu ni kichafu."

"Hebu nikione hicho kichupa."

Akakipokea, akafunua kinywa, akakimeza pamoja na kizibo chake. Bweuu!

"Kichupa gani, mama?"

Nguchiro akarudi nyumbani. Akamkuta Kitinda amejikunja, ameshika tumbo, midomo imemkauka. Mtoto alitaka maji, na maji yaliyokuwepo ni yale yale yaliyomlaza. Nguchiro aliketi akamtazama. Hakulia, maana kilio kilikuwa kimekwisha tangu Alhamisi.

Kesho yake akarudi kwa Kiboko, safari hii amepaka mdomo asali.

"Mwenyekiti, nimekuja kuomba radhi. Ila nimeona jambo, nikaona haya kwa niaba yako. Kila mtu bondeni anasema saba. Nyumbu anasema saba, Ngiri anasema saba. Mtu mkubwa kama wewe kweli utangaze namba ya kila mtu?"

Kiboko akainua sikio moja.

"Kuna namba nyingine?"

"Kipimo kikioshwa vizuri, Mwenyekiti, mbele ya mkutano kitakutolea namba ambayo wewe hujapata kuitangaza."

"Kubwa?"

"Nikikutajia sasa nitaiharibu."

Kiboko akainua na sikio la pili. "Kuosha kunachukua muda gani?"

"Kimekauka sana, kitataka siku tatu. Na kila suuzo na kibuyu chake cha maji kutoka penye jicho la chemchemi."

"Kibuyu kizima kwa kincha kidogo hivi?"

"Kingekuwa cha mtu mdogo, kikombe kingetosha."

Kiboko akatabasamu, meno yote nje. "Na maji yaliyokwisha kuosha?"

"Hayarudi kwenye chemchemi, Mwenyekiti. Yatakuchafua. Niyamwage wapi?"

"Mbali na mimi! Kayamwage huko mnakokaa!"

"Amri yako," akasema Nguchiro.

Akajifunga majani mikononi, maana tope la bwawa lile lilichubua ngozi. Akaimba: zima kwanza, akazima. Betri toa, akatoa. Mwili pangusa, akapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, hakuchovya. Ncha suuza, akainamisha kibuyu, matone matatu, to, to, to. Hakusugua, aligusisha kitambaa tu. Kisha akajitwika kibuyu, maji yakiwa karibu yote, akaenda kuyamwaga.

Akayamwaga kinywani mwa Kitinda. Yaliyobaki akayamwaga kwa watoto wa Ngiri, na kwa vifaranga vya Kanga.

Akarudi. Kibuyu kingine, to, to, to, akaenda kumwaga. Kibuyu kingine, to, to, to, akaenda kumwaga. Kiboko alimtazama kwa jicho moja, akaona jinsi kipimo chake kinavyohangaikiwa, akajisikia mtu. Siku tatu alifanya hivyo, na kila anapopumzika aliifunika ncha na unyevu wake ilainike. Siku ya tatu Kitinda akaketi, akaomba chakula. Siku hiyo hiyo Nguchiro akarudisha betri, akachovya ncha kwenye jicho la chemchemi: saba. Akachovya kwenye maji ya bwawa: tatu. Kipimo kimepona.

Asubuhi mkutano ukajaa. Kiboko akateremka bwawani shingo juu.

"Leo mtasikia namba ya mwenyekiti!"

Chubwi! Tii!

"Ta... tatu?"

Zikazuka kelele. Kiboko akauma meno. "Huyu! Huyu amekiharibu! Nilimpa kizima, akakiosha!"

Mnadhani wenzake walisema nini?

"Kweli," akasema Nyumbu. "Kilipokuwa na tope lake kilisema saba, na sisi tulikuwa na amani. Ni kuosha ndiko kumeleta tatu."

"Na Chapu wangu?" akauliza Nguchiro. "Na Ndole?"

"Mama Nguchiro, pole sana. Lakini wale walikufa wakati maji ni saba. Si maji yaliyowaua."

Nguchiro akamtazama Mama Ngiri. Mama Ngiri akatazama kwato zake. Akamtazama Mama Kanga. Mama Kanga akadonoa chini, na hapakuwa na punje. Hapo ndipo huruma iliyobaki moyoni mwake ilipozimika.

"Basi mwongo ni mimi," akasema. "Bwawa ni saba, nimekosa. Namwomba Mwenyekiti anywe mbele yetu, anywe vile anavyokunywa mtu wa cheo chake, ili mimi na kipimo hiki tuaibike."

"Anywe! Anywe!" wakaitikia.

Msidhani Kiboko aliogopa. Alikuwa ametangaza saba kwa kinywa chake mara nyingi hata akaiamini mwenyewe. Akainamisha kichwa. Gubu, gubu, gubu! "Tamu!" akasema. Gubu, gubu, gubu! Alikunywa ya wote, maana hata kwenye sumu hakujua kuacha ya mwenzake. Nguchiro akamtazama mpaka tone la mwisho. Hakumzuia.

Siku mbili aliunguruma, nguu, nguu! Ya tatu akaanguka, puu! Ua wa miiba ukavunjika chini yake.

Sasa mnangoja niwaambie wanyama walishika adabu, chemchemi ikawa ya wote. Ngojeni hivyo hivyo. Walimchagua Nyati. Nyati akavaa kipimo shingoni, na amri yake ya kwanza ilikuwa hii: kipimo kisioshwe tena kamwe, maana kuoshwa kwake kumemuua mwenyekiti. Ya pili: ua ujengwe upya kwa heshima ya marehemu.

Wakapiga makofi.

Nguchiro hakungoja makofi yaishe. Alimbeba Kitinda mgongoni, akachukua kibuyu cha mwisho cha maji ya chemchemi, akashika njia ya kuhama bonde. Alipofika kwenye yale makaburi mawili madogo akasimama. Akamwaga nusu kwa Chapu, nusu kwa Ndole. Kitinda akamwambia, "Mama, umeyamaliza, sisi njiani tutakunywa nini?" Mama yake akamwambia, "Hawa walitangulia kuomba."

Na funzo? Najua mnalitaka. Andikeni basi. Usioshe kipimo. Kipimo kichafu kina adabu, kinasema lile lile kila siku na wakubwa wanalala vizuri. Kikisema saba, piga makofi. Ukifiwa, zika haraka uwahi mkutano. Na akitokea mwenye mikono midogo anayejua kuosha, mtazame kwa makini, maana huyo ndiye anayetia maji sumu.

Ngano yangu inaaga!
— Nenda salama!
Imetokea mlango ule ule. Tope lililobaki sakafuni ni lenu. Mlisema wenyewe iingie nalo.