Hodi ya Tatu

Sogeeni, nina kisa. Haya, tumesogea!

Palikuwa na zimwi lililoiga sauti ya mtu yeyote. Ukilifungulia, linavuta pumzi za nyumba nzima. Watu wakafunga milango, na Mwanasiti akajifungia na wanawe.

Likaja kwa sauti ya muuza samaki: "Hodi! Hodi! Hodi!" Wakanyamaza. Hodi tatu zisipojibiwa, mgeni huondoka. Hata zimwi lilishika desturi hiyo. Likarudi kwa sauti ya jirani: "We Mwanasiti, umekuwa konokono? Hodi! Hodi! Hodi!" Wakanyamaza.

Kisha ikaja sauti ya mama yake, aliyeishi peke yake ng'ambo ya uwanja. "Hodi, mwanangu. Maji yameniishia." Mwanasiti akashika komeo, akawatazama wanawe, akaliachia. "Hodi." Akalishika tena. "Hodi, mwanangu." Akaliachia.

Zimwi lilipohama, watoto wote walikuwa wazima. Bibi yao alikutwa kwake amekufa kando ya mtungi mkavu, na uwanjani nyayo zake zilikuja na kurudi.

Jioni binti mkubwa akauliza, "Mama, ulituokoa?"

"Ndiyo."

"Na bibi je?"

Mwanasiti akainuka akaenda kufungua mlango, ingawa hapakuwa na aliyebisha.

Kisa changu kimekomea mlangoni hapo.