Kichwa cha Samaki na Kichwa cha Sultani

Palikuwa na sultani mmoja, Sultani Badar, aliyeupenda uso wake kuliko alivyoupenda mji wake. Wala simlaumu, mji wenyewe ulikuwa mashimo matupu. Siku moja akaamka na amri: lango jipya la kasri lichongwe sura yake, kwa mbao za msaji, kimo cha mtu mzima.

Mchonga milango wa maana alikuwa mmoja tu, Fundi Vuai, maskini wa Mungu. Lakini Vuai hakuwa na patasi hata moja. Mwezi uliopita alimchongea Bi Mgeni, mkunga wa mtaa, samaki mdogo juu ya mlango, nyumba ipate baraka ya uzazi. Kadhi wa mji, Sheikh Nadhir, akaja mbio na msumeno.

"Kiumbe mwenye roho hachongwi!" akanguruma, akamkata samaki kichwa mbele ya kadamnasi. "Sasa halali. Kisicho na kichwa hakina uhai, ni sawasawa na mti."

Kisha akachukua tezo, nyundo na patasi kumi na mbili ambazo Vuai alirithi kwa baba yake, akazifungia sandukuni kwake. Tangu hapo fundi akawa anashindia uji, tena uji wa jirani.

Basi Vuai akaitwa barazani. Kadhi alikuwa amekaa ubavuni mwa Sultani, anavuta tasbihi.

"Nichonge," Sultani akasema.

"Maulana, Sheikh ameshahukumu. Sura ya kiumbe mwenye roho ni haramu."

Sultani akamtazama kadhi. Kadhi akatazama zulia, akatazama dari, akatazama tasbihi. Kote huko hakuona msaada.

"Asili ya hukumu ni hiyo," akasema. "Lakini wanazuoni wamehitilafiana."

"Wamehitilafiana lini, Sheikh? Mwezi uliopita walikuwa kitu kimoja."

"Usinijibu! Utapewa vyombo vyako kwa kazi hii. Mchonge Maulana kwa namna ya halali."

"Namna ileile uliyotufundisha kwa Bi Mgeni?"

"Ileile, ileile!" Kadhi alitaka yaishe tu.

Sultani hakuwa amesikiliza hata neno. "Nisiporidhika," akasema, "vyombo vyako vitatupwa baharini, nawe utabeba magunia forodhani mpaka ufe."

Akaondoka kwenda kupumzika shamba miezi miwili, akamchukua na kadhi, wa kumsomea dua na kumsaidia kula. Vuai akarudishiwa vyombo vyake. Patasi zile alizipenda. Ile ndogo kabisa, mpini wake ulikuwa na bonde la kidole gumba cha baba yake. Alichonga akiwa na hofu, lakini alichonga.

Sultani aliporudi, akalikuta lango limesimama. Joho lipo, kila uzi. Jambia lipo. Pete zipo, kitambi kipo, tena hakikupunguzwa. Juu ya kola, ubao mtupu.

"Kichwa changu kiko wapi?"

"Kiko pamoja na cha samaki, Maulana. Muulize Sheikh."

Kadhi akaanza kutoka jasho. "Maulana, yule alikuwa samaki! Hii ni habari nyingine!"

"Ahaa," akasema Vuai. "Kwa hiyo samaki ana roho, Maulana hana?"

"Sikusema hivyo!"

"Basi kama anayo, kichwa kinakatwa. Kama hana, tukamwoshe tumzike."

Askari wa langoni wakapatwa na kikohozi wote kwa pamoja.

"Kadhi!" Sultani akafoka. "Hukumu yako ni ipi? Sema sasa hivi!"

"Kwa kweli, Maulana, nikitazama vizuri... ipo kauli yenye nafasi."

"Nafasi ya vichwa vingapi?" Vuai akauliza.

"Viwili!" Sultani akajibu kwa niaba ya kadhi. "Samaki arudishiwe kichwa chake, fundi aachiwe vyombo vyake maisha, nami niwekewe changu leo hii!"

Vuai akazikumbatia patasi zake kifuani. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. Lakini Sultani alikuwa bado hajatulia.

"Lango hili limesimama siku ngapi?"

"Saba, Maulana."

"Siku saba nimesimama hapa bila kichwa! Mawaziri wangu wanapita, makarani wanapita, mji mzima unapita! Wewe ukawaacha wanicheke?"

"Nani amecheka, Maulana? Walisimama, wakaamkia, wakasema ndiye yeye kabisa. Waziri wako mkuu alikaa hapa akakueleza shida zake, akaondoka ameridhika. Hakuna hata mmoja aliyeona kuwa kuna kitu kimepungua."