Shimo la Makumbi la Kazija

"Afukuaye bila kufukia, hula shimo lake."

Maneno haya mliyasikia jana kwa fundi cherehani, akimwambia mwanawe ambaye kila anachokipata kwenye mashine hukila chote, hata mkanda ukikatika hana cha kununulia mwingine. Mkacheka njia nzima. Mtu hulaje shimo? Basi sogeeni, muache kusukumana. Methali hii ilianza hivi.

Alfajiri haijaingia, katika nyumba moja ya kijiji cha Mtondooni, kata iligonga ubavu wa mtungi, taratibu, kama ya mtu asiyetaka kuamsha wenziwe. Aliyekuwa akichota maji ni Kazija binti Vuai. Mama yake, Bi Mosi, alilala nyuma ya pazia, miguu imevimba, hawezi hata kwenda uani bila kushikwa. Kazija alimnywesha, akamgeuza ubavu, akamkanda miguu. Kisha akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akavuta pumzi. Alikuwa amechoka tangu hajaamka.

"Leo unakwenda shimoni?" mama aliuliza.

"Nakwenda."

"Usiende kichwa kitupu."

"Siendi, mama."

Wanawake wa Mtondooni waliishi kwa kamba za makumbi, yale maganda ya nazi yenye nyuzi. Kumbi bichi halisokotwi. Hufukiwa kwanza katika tope la pwani, likawekewa mawe, maji ya chumvi yakaliozesha msimu mzima. Likifukuliwa linanuka vibaya, lakini ukiliponda kwa mchi linatoa nyuzi laini za kusokota. Kila mwanamke alikuwa na mashimo yake, aliyorithi kwa mama yake. Na desturi ilikuwa moja: ukienda shimoni, kichwani uwe na mzigo wa makumbi mabichi ya kufukia, ukirudi, uwe na mzigo wa yaliyooza. Kilichotoka leo kilifukiwa zamani, na kinachofukiwa leo ni cha mwakani.

Kazija alikuwa na mashimo matatu. Lakini makumbi mabichi yalikuwa mashambani, mbali, juu ya mlima, na mzigo wake ulikata shingo. Siku moja, baada ya mama kuugulia hadi kuche, alikosa nguvu za kupanda. Akashuka pwani hivyo hivyo, akafukua, akarudi. Dunia haikupasuka. Safari iliyofuata pia akafanya hivyo. Alijiambia atafukia kesho, na kesho ikaja na kazi zake.

Tena akaona jambo. Kwa kuwa hapandi tena mlimani, ana wakati wa kuponda na kusokota zaidi. Kamba zikawa nyingi. Chungu kikapata samaki. Akamnunulia mama godoro la sufi, na Bi Mosi akalala usiku kucha bila kuugulia, jambo ambalo Kazija hakuliona siku nyingi.

"Shoga, umefuga jini wa kusokota?" jirani yake Zume alimtania kisimani.

"Ningekuwa na jini, ningemtuma mlimani," Kazija alijibu, wakacheka wote wawili.

Mama alipouliza kama amefukia, alisema amefukia.

Shimo la kwanza likaisha. La pili likaisha. La tatu lilikuwa na makumbi yasiyoiva, naye akayafukua hivyo hivyo, magumu. Kamba zake zikaanza kukatika. Mzee mmoja aliyemfunga ng'ombe wake kwa kamba ya Kazija aliamka akakuta ng'ombe yuko katika muhogo wa watu, akaja na kipande cha kamba mkononi, ana hasira hata salamu hakutoa. Siku chache baadaye Kazija akatia mkono shimoni, akatoa mchanga.

Sasa, pwani ile ilikuwa na sheria yake. Shimo lisilo na kumbi huitwa shimo lililolala, na shimo lililolala huamshwa na yeyote mwenye makumbi. Mashimo mawili ya Kazija yaliamshwa na wengine, na hakuna aliyemdhulumu. Likabaki lile la tatu, lililochimbwa na bibi yake mzaa mama. Likienda hilo, nyumba yao haina tena mahali pwani, na mtu asiye na shimo hupondea wenziwe mpaka uzee.

Asubuhi moja, baada ya siku nyingi bila kushuka pwani, alipanda mlimani, akashuka na kimzigo kidogo. Akamkuta Zume amekwisha kufika, anapanga mawe yake kando ya shimo.

"Zume! Unafanya nini?"

"Naamsha shimo. Limelala hili."

"Ni la mama yangu!"

"Lilikuwa. Mwambie jini wako akuchimbie jingine kule kwenye majabali."

Wanawake wakacheka. Kazija hakucheka.

"Mama ni mgonjwa, Zume. Ningepanda mlimani saa ngapi?"

Zume akainamisha macho. "Ugonjwa wa mama yako naujua. Lakini na mimi nina watoto, wanataka kula."

Kando yao alikuwapo Bi Nunu, mwanamke mzee asiye na mtoto, anaponda makumbi yake. Hakuinua uso.

"Zume, tia mkono kwanza."

"Nitie mkono mchangani nitafute nini, bibi?"

"Tia tu. Shimo haliamshwi kwa macho."

Zume akapiga magoti, akazamisha mkono mpaka begani. Akatoa kumbi. Akazamisha tena, akatoa la pili, bado rangi ya manjano, halijakaa sana.

"Kumbe halijalala," alisema.

"Halijalala. Ondoa mawe yako, mwanangu."

Zume akayaondoa moja moja. Na kabla ya kwenda, akalirudisha mahali pake jiwe la Kazija alilokuwa amelisukuma.

Kazija alijua hakufukia yeye. Akaenda akaketi karibu na yule mzee.

"Bibi, ni wewe?"

"Kikapu kimoja kimoja. Shingo yangu haibebi zaidi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona umechoka. Nikasema, nitamwambia akipumzika. Hukupumzika."

Kazija akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mimi nikidhani nakula jasho langu."

"Jasho lako ulilila, na lilikuwa halali yako. Lakini katika kila mzigo uliotoka mlikuwa na fungu la kurudi ndani, nalo ukalipika. Shimo si tundu, Kazija. Tundu hata kaa analo. Shimo ni makumbi yaliyomo, haya yanatoka, yale yanaingia. Ukitoa tu, unashiba, na kila ukishiba lenyewe linapungua. Godoro lile ndilo shimo lako la kwanza."

"Godoro la mama silijutii."

"Usilijutie. Lakini ulijue jina lake."

Jioni, Kazija alimwambia mama yake kweli yote. Bi Mosi alipapasa godoro la sufi kwa kiganja.

"Mawili?"

"Mawili, mama."

"Ndiyo maana lilikuwa laini mno." Kisha, bila hasira, akasema yale maneno ambayo Zume aliyasikia akiwa mlangoni, ameleta bakuli la uji wa mgonjwa. Kutoka kwa Zume yakaenda kisimani, na kutoka kisimani yakaenda kwa wenye ng'ombe, wenye mbegu na wenye mashine.

Msimu ule ulikuwa mrefu. Kazija aliponda makumbi ya wenziwe kwa kugawana kamba, na kila aliposhuka pwani alifukia: kwake, na kwa Bi Nunu, ambaye sasa miguu ilikuwa imekataa. Shimo lilipoiva, kamba ya kwanza alimpelekea yeye, akamsukia upya kitanda kilicholegea. Bi Nunu aliibonyeza kwa kidole, akaona imara.

"Nasikia mama yako katoa maneno. Hebu niyasikie kwako."

"Amesema, afukuaye bila kufukia, hula shimo lake."

Bi Nunu akatikisa kichwa polepole, akajilaza.

"Ni kweli. Haya, nenda kamtazame mama. Lakini uje tena, Kazija. Mchana ni mrefu humu ndani. Uje tena."